Sufi ya Mto wa Somoe

"Usipolinywesha dau pwani, bahari italinywesha."

Nurdini aliyapata maneno hayo asubuhi kwa fundi wa vyombo pale Nangando, alipokwenda kuazima keekee ya kutobolea matundu ya mashine. Yeye na dada yake Zuhura walikuwa na mashua kuukuu ya marehemu baba yao, na kwa wiki mbili walikuwa wakiitengeneza wenyewe, kukwangua rangi, kupiga randa, kubadilisha misumari, na penye ugumu wakitazama kwenye simu jinsi watu wa nchi nyingine wanavyofanya. Fundi alimpa keekee, akamtazama kidogo, akamtupia methali hiyo, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nurdini akacheka kwa adabu, maana hakuelewa kitu.

Mchana ndugu hao wawili walimkuta bibi yao, Bi Mwanaidi, uani akipeta mchele, wakamuuliza.

"Kulinywesha dau? Kwani dau lina kiu?" Zuhura alisema.

"Lina kiu kuliko wewe," Bibi alijibu. "Kaeni, na wewe Nurdini weka simu chini. Maneno hayo yamezaliwa nyumba ya kwetu, mimi mwenyewe sijazaliwa. Aliyeyasema ni mama yangu, na aliyasema akilia. Basi sikieni yalikotoka."

Akaanza.

Miaka hiyo Nangando haikuwa na mashine hata moja. Madau yote yalikwenda kwa tanga na kasia, na yote yalipita mikononi mwa Mzee Likunda, fundi hodari asiyejua kumsifu mtu. Na ilikuwapo desturi. Dau likishatengenezwa, kabla ya kushushwa, liliwekwa juu ya magogo kwenye mchanga mkavu na kujazwa maji ndani. Wachotaji walikuwa wanawake wa nyumba ya mwenye dau, na maji waliyatoa baharini kwa ndoo na madebe. Likishajaa, watu walichutama nje, wakachungulia chini ya tumbo lake. Palipokuwa na ufa palitokeza tone, na matone hayo waliyaita machozi. Mzee Likunda alipita na kipande cha mkaa, akitia alama kwenye kila chozi, na kesho yake penye alama pakazibwa upya. Kazi hiyo ndiyo waliyoiita kulinywesha dau.

Ilikuwa desturi nzuri, ila ilikuwa na watazamaji. Watu wa Nangando hawajapata kuikimbia senema ya bure. Mwaka uliotangulia, dau la Sudi lilitoa machozi mahali arubaini, wakalipa jina la Bi Harusi, kwa kuwa lililia kama mwali anayepelekwa kwa mume. Watoto walimwimbia Sudi njiani. Sudi akaziba nyufa zake zote arubaini, akaenda zake baharini, lakini jina halikuzibika.

Sasa huyo Somoe, mama yangu. Alikuwa mke wa Mfaume, wana miezi minane ya ndoa. Wazazi wake walikwisha kutangulia, kwao amebaki kaka yake mmoja tu, Chande, na Chande ndiye aliyekuwa baharia wa Mfaume. Kwa hiyo Somoe alikuwa na wanaume wawili duniani, na kila siku wote wawili walipanda dau moja. Likirudi, ana watu. Lisiporudi, hana mtu. Jambo hilo hakulisema, lakini halikumtoka moyoni hata siku moja.

Mfaume alikuwa mtu wa kujifanyia. Kitanda aliunda mwenyewe, mlango aliunda mwenyewe, na kiti alichokiunda kilipoyumba alisema sakafu ndiyo iliyopinda. Siku moja akarudi kutoka Lindi na mashine iliyotumika, kainunua kwa mtu wa bandarini, kaifunga kwenye gunia kama mgonjwa. Alitaka awe wa kwanza Nangando kwenda baharini bila tanga. Lakini dau lake lilichongoka mbele na nyuma, na mashine haipachikwi kwenye ncha. Ilibidi tezi ikatwe, yaani sehemu ya nyuma, na pawekwe ubao bapa.

Akamwita Mzee Likunda. Mzee akalizunguka dau mara mbili.

"Dau hili limezaliwa na tezi yake," alisema. "Ukitaka mashine, unda chombo cha mashine."

"Basi nitakata mwenyewe."

"Kata. Msumeno ni wako."

Wakanuniana papo hapo. Na hapo ndipo lilipoanza balaa, kwa sababu pamba ya kalafati, ile inayosokotwa, ikachovywa mafuta ya sifa, yale ya papa, na kugongelewa kwenye mianya ya mbao, ilikuwa kwa Mzee Likunda peke yake. Mfaume hakuweza kurudi kuiomba. Heri angekula msumeno.

Siku hizo Somoe hakuwapo, alikuwa msibani kwa shangazi yake. Aliporejea siku ya tano alilikuta dau limekwisha. Lina rangi ya kijani na mstari mweupe, nyuma bapa, mashine imekazwa kwa bolti nne. Lilipendeza, hilo hakuna aliyelikana. Somoe alilisifu, kisha akainama kutazama chini.

"Kalafati umetia ya nini?" aliuliza.

"Kalafati imetiwa," alisema Mfaume.

Somoe aliona kwamba hakujibiwa alichouliza, lakini ndiyo kwanza ametoka safari, akanyamaza. Kesho yake jioni akaanza tena.

"Bwana, maji nichote lini?"

"Maji ya nini?"

"Ya kulinywesha dau."

"Dau langu si Bi Harusi."

"Wakicheka si watacheka siku moja tu?"

"Siku moja? Muulize Sudi!" Mfaume alisema. "Yule mzee anangoja na mkaa wake mfukoni. Kila chozi moja atasema, si nilikwambia. Mimi siwezi kulivua nguo dau langu mbele yake."

"Basi nichote alfajiri, watu wamelala."

"Nangando nani anayelala alfajiri?"

Hilo lilikuwa kweli. Chande, aliyekuwa akila nao, akataka kuufanya mzaha. "Dada, ukiogopa hivyo utazaa mtoto mwoga." Mtoto huyo ndiye mimi ninayewasimulia, basi amueni wenyewe.

Asubuhi walishuka na maji yaliyokuwa yakitoka. Mashine ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma, na pwani nzima ikapiga makofi. Mfaume alisimama wima kama ameoa mara ya pili. Somoe hakupiga makofi. Alisikiliza ule mngurumo ukififia mpaka ukawa kama nyuki ndani ya chupa, halafu ukapotea.

Akarudi nyumbani kutafuta kazi ya kushughulisha mikono. Tangu arudi msibani alikuwa ameamka siku mbili na shingo inamuuma, akadhani ni kwa kulala mikekani kule kwenye matanga. Akautoa mto wake aukaushe juani. Mto ulikuwa mzito. Akaunusa, ukanukia nazi. Akautazama mshono, akaona umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Somoe aliufumua kwa meno. Ndani mlikuwa na makumbi, yale makapi ya nazi. Sufi yake, aliyoiokota mwenyewe chini ya msufi na kuichambua mbegu kwa siku sita kabla ya harusi, haikuwamo hata chembe.

Akakaa chini pale pale. Alikumbuka jinsi alivyoinama chini ya dau na kuona nyuzi nyeupe nyeupe zimechungulia kwenye mwanya mmoja, akadhani ni pamba.

Somoe hakuwa fundi. Hakujua kama sufi inafaa au haifai. Lakini alijua kwamba mtu hafichi asichokionea haya, na Mfaume alikuwa amekaa akashona mto kwa mikono yake ili asiulizwe.

Mnaona ilivyokuwa? Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la mto tu, na kulisema ilikuwa ni kwenda kwa Mzee Likunda. Kumwambia Mzee Likunda ni kumvua mumewe nguo mbele ya mtu yule yule aliyemkimbia. Na kule msibani alikotoka, watu walimsifu marehemu shangazi kwa neno moja tu siku zote tatu, kwamba alimsitiri mumewe miaka arubaini. Mke husitiri. Somoe alifundwa hivyo na kungwi wake, na aliamini hivyo. Akajiambia, pengine sufi ni nzuri. Pengine watarudi adhuhuri, nimcheke Mfaume kwa mto, yaishe.

Akapika wali, ukaungua. Akaenda pwani, akarudi. Akaenda tena. Dau la kwanza likaingia, wavuvi wakateremsha changu. La pili likaingia. Kila lilipotokea tanga alihesabu vichwa, kisha akakumbuka kwamba anaowangoja hawana tanga. Alijaribu kusikiliza mngurumo, akasikia mawimbi tu, na mara nyingine akausikia masikioni mwake mwenyewe, akageuka, hakuna kitu.

La tatu kuingia lilikuwa Bi Harusi. Somoe alimfuata Sudi mpaka kwenye maji ya magoti.

"Kaka Sudi, hamkukutana na Mfaume?"

"Tulimsikia," alisema Sudi. "Alikuwa anaelekea kwenye mchanga wa Fungu Jeupe. Mashine inaita vizuri. Halafu ikanyamaza."

"Ikanyamaza lini?"

"Kitambo, jua lilikuwa bado upande. Tukasema amefika, anavua." Sudi alimtazama usoni. "Kwani vipi, shemeji?"

"Hamna kitu," alisema Somoe, akageuka.

Hatua kumi mbele akasimama. Hakuweza tena kukaa na siri ile. Akakimbia nyumbani, akauchukua ule mto, akauficha ndani ya kanga na kwenda moja kwa moja kwenye banda la Mzee Likunda.

"Hodi, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Somoe alifunua kanga, akamwaga makumbi miguuni pake. "Huu ni mto wangu," alisema. "Ulikuwa wa sufi. Sufi imo kwenye dau la Mfaume."

Alingoja mzee acheke. Mzee hakucheka. Aliweka chini nyundo yake polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ametia sufi mahali pa pamba?"

"Nadhani, baba. Nimeiona mwenyewe kwenye mwanya."

"Najua alivyowaza," mzee alisema. "Amewaza, sufi hainywi maji, basi itayazuia. Ni akili, lakini ni akili ya kitandani. Pamba inaziba kwa sababu inakunywa, mwanangu. Inakunywa, inavimba, inabana mbao. Sufi hainywi. Inakaa mle kama mgeni asiyekula, na ukiitikisa inatoka. Na mashine inatikisa." Akasimama. "Umejua tangu lini?"

Somoe aliinamisha kichwa. "Tangu asubuhi."

Mzee Likunda hakungoja. Alitoka nje akipiga ukunga, yeye na miaka yake sabini, na watu wakaacha samaki zao na kuja mbio.

Maji yalikuwa yamekupwa. Madau mengi yalikuwa yamelala kwenye tope mbali na maji, na la karibu kuliko yote lilikuwa lile lililoingia sasa hivi. "Bi Harusi!" mzee alisema. "Sudi, lisukume! Katika Nangando nzima hilo ndilo dau pekee ninalolijua kila ufa wake." Sudi na wenzake wawili wakalitia bega, tope linawafika mapajani, na mara hii hakuna aliyeimba. Tanga likapandishwa, wakaenda.

Somoe akabaki. Kina mama walimletea kigoda, hakukaa. Walimpa maji, hakunywa. Alikuwa akihesabu moyoni. Tangu alipofumua mto mpaka alipotia mguu kwa Likunda, amepika, ameunguza, ameenda pwani mara mbili. Katika muda huo Bi Harusi angekwenda Fungu Jeupe na kurudi. Alikumbuka shangazi aliyesitiri miaka arubaini, akatamani kumuuliza kama katika miaka hiyo mumewe aliwahi kupanda chombo kibovu. Kila wimbi lililopasuka mbali aliliona ni kichwa cha mtu. Alisema, ee Mola wangu, nipe wote wawili. Akaona ameomba kingi, akasema, nipe mmoja. Kisha akaogopa asije akaulizwa yupi, akanyamaza kabisa.

Baada ya sala ya alasiri tanga likaonekana. Lilikuja polepole mno, na nyuma yake linaburura kitu cha kijani kilichozama mpaka mdomoni. Walikuwa wamekwenda watu watatu. Somoe akahesabu walioketi. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akahesabu tena, wakawa wanne. Akaingia majini na nguo zake, akikanyaga tu, mpaka alipoona wa tano amelazwa chini, kichwa chake mapajani mwa Mfaume, mkono umefungwa shati lenye damu.

"Yu hai!" Sudi alipiga kelele. "Chande yu hai, shemeji!"

Chande mwenyewe ndiye aliyesimulia, meno yakigongana. Walikuwa karibu na Fungu walipoona miguu imelowa. Wakafua maji kwa sufuria, maji yakazidi. Kisha wakaona vitu vyeupe vinaelea ngamani, kwenye maji ya chini ya dau, vyepesi kama povu, akauliza, "Shemeji, hii nini?" na Mfaume akazidi kufua tu. Mashine ikazimika kwa kulowa, na uzito wake ukaanza kuvuta ile nyuma bapa chini. Ikabidi ifunguliwe itupwe. Bolti tatu zilifunguka. Ya nne walipoilegeza dau liliyumba, mashine ikaanguka na kidole cha Chande kikiwa katikati, ikakikata. Kuanzia hapo walikaa ndani ya maji wameshika mbao, mmoja akimshika mwenzake, wakingoja.

Basi watu wakaingia majini kulivuta lile dau la kijani. Walilipandisha mchangani, juu ya magogo, likiwa na maji yake ndani, na walipoliachia, likaanza kulia.

Lililia kila mahali. Lililia kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa, lililia mbavuni, na pale penye ubao bapa wa nyuma hayakuwa machozi tena, yalikuwa mifereji. Na katika kila mwanya sufi ilining'inia nyeupe juu ya ile rangi nzuri. Nangando yote ilikuwapo. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata mtoto aliyelitafutia jina.

Mfaume alisimama akilitazama, na maji yanamtiririka. Kisha akamwendea Mzee Likunda na kunyoosha mkono.

"Baba, naomba mkaa."

Mzee akautoa mfukoni akampa. Mfaume akachutama, akaanza kutia alama mwenyewe, chozi baada ya chozi, mbele ya watu wote. Alipofika la thelathini akasimama. Somoe alikuwa karibu yake.

"Nilikuomba nichote ndoo ishirini," alisema Somoe. Alitaka kukaripia, sauti ikavunjika, akawa analia. "Ndoo ishirini tu, Mfaume. Usipolinywesha dau pwani, bahari italinywesha."

Mfaume akainua macho. "Wewe ulijua saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Ukasema saa ngapi?"

"Adhuhuri."

Waliutazama mkono wa Chande, wote wawili, na kila mmoja alilijua fungu lake. Tangu siku ile, Nangando mtu akiwa na jambo analolificha kwa kuogopa kuchekwa, hawamsemi kwa mengi. Wanampa methali hiyo tu.

Bi Mwanaidi akautikisa ungo wake mara mbili tatu. Zuhura alikuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo kidole cha Babu Chande..."

"Mliambiwa kimeliwa na papa," alisema Bibi. "Alisema hivyo miaka hamsini kumsitiri shemeji yake. Nyie ndio wa kwanza kuambiwa kweli na mimi."

Nurdini alikuwa ameishika ile keekee ya kuazima, anaigeuzageuza. Alikohoa.

"Zuhura," alisema bila kumtazama dada yake, "kuna ubao mmoja chini, upande wa kushoto. Ulioza. Nilipaka rangi juu yake juzi. Nilitaka kukuambia."

Zuhura aligeuka. "Juzi? Na kesho tunashusha mashua, mimi na wewe ndani!"

"Nilitaka kukuambia," alirudia Nurdini, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Si umemwambia?" alisema Bi Mwanaidi. "Amekwambia ukiwa kwenye mchanga mkavu. Shukuru." Akaweka ungo chini, akaonyesha kwa kidevu. "Ndoo ziko nyuma ya mlango. Zuhura ndiye mchotaji, maana mashua ni ya nyumba yake. Wewe nenda jikoni, uchukue mkaa."

Nurdini akaenda jikoni. Zuhura akazitoa ndoo, moja kila mkono, na alipopita mlangoni aliyasema yale maneno peke yake, taratibu, kama anayejaribu uzito wake.

"Usipolinywesha dau pwani, bahari italinywesha."